Hotuba ya Mwenyekiti: Mkimbiaji Aliyefika wa Mwisho



Kikundi tulichokianza mwaka 2015 kwa sanduku la kuazima na daftari moja, leo kinatimiza miaka kumi. Hesabu za miaka hiyo mtunza hazina ameshazisoma, ameeleza hisa, mikopo, gawio na mfuko wa jamii, na mimi sitazirudia, maana mkisikia tarakimu mara mbili mtaanza kuulizia pilau.

Kamati ya maandalizi iliniambia hivi: Mama Mwenyekiti, wewe zungumzia uvumilivu. Nikafikiri siku mbili tatu. Uvumilivu ukiuzungumzia wenyewe peke yake unakuwa kama ubani bila makaa, hakuna atakayesikia harufu. Hivyo basi nimeona niwaeleze habari za mtu mmoja wa hapa kwetu, mkulima, mtu wa Mbulu hapo juu. Jina lake wengi mnalijua, lakini habari zake mnazijua nusu. Namzungumzia John Stephen Akhwari.

Nasema nusu kwa sababu ndivyo inavyosimuliwa siku zote. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, na shuleni mwalimu alitusimulia kwa dakika tano tu: kulikuwa na Mtanzania, akaanguka, akaumia, akafika wa mwisho, watu wakampigia makofi. Imekwisha hiyo. Ikisimuliwa hivyo inakuwa habari ya kuhurumiwa. Mimi siipendi ikiwa hivyo, na nitawaambia sababu.

Mwaka 1968 michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City. Ni mji mkubwa sana, na uko juu mno, kama mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Sisi wa mkoa huu milima tunaijua na baridi tunaijua, lakini kule ni juu kuliko Mbulu mjini. Mahali pa juu hivyo hewa ni nyepesi, kifua kinavuta lakini kinachoingia hakitoshi. Mtu akikaa kwenye kiti hasikii kitu. Akikimbia ndipo anajua. Mwaka ule wakimbiaji wengi wa mbio ndefu, hasa waliozoea nchi za tambarare, walipata taabu.

Siku ya marathoni ilikuwa tarehe 20 Oktoba. Marathoni, kwa wale wasiojua, ni kilomita 42 na mita 195. Ukichukua uwanja wa riadha wenye mzunguko wa mita 400, itakubidi uuzunguke zaidi ya mara mia moja na tano. Wapo wenzetu hapa waliokwenda Moshi kwenye zile mbio za kilomita 5 za kujifurahisha, wakarudi wakakaa siku tatu hawapandi ngazi. Sasa zidisheni wenyewe.

Walianza saa tisa alasiri katikati ya mji, watu 75. Na mkumbuke, siku zile Olimpiki ilikuwa ni ya watu wa ridhaa. Hilo lilikuwa sharti: mtu haruhusiwi kuwa ndiyo kazi yake ya mshahara. Akhwari alikuwa mkulima. Nchi yetu yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka saba ya uhuru. Ametoka huku, amevuka bahari, amefika mji asioujua, hewa hiyo niliyoisema, na misuli ikaanza kumkaza njiani. Halafu walipofika kama kilomita 19 hivi, wakimbiaji wamebanana wanagombea nafasi, akaanguka vibaya. Goti likaumia na kuteguka, bega likagonga lami.

Jamani, goti. Kila mama aliyewahi kuteleza na ndoo ya maji kichwani anajua goti lililoteguka ni kitu gani. Hata kukunja kwenda chooni ni kazi.

Pale wapo wahudumu wa afya waliomshughulikia. Wakamtibu, wakamfunga bandeji mguuni. Akainuka, akarudi barabarani. Na mpaka hapo alikuwa bado hajafika hata nusu ya safari. Kilomita zaidi ya 20 zilikuwa zinamngoja.

Huko mbele Mamo Wolde wa Ethiopia, mtu mzima wa miaka 36, alimaliza wa kwanza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wakaja wa Japani na wa New Zealand, wakaja na wengine. Medali zikatolewa. Watu wakaanza kuondoka, jua likazama, uwanja umebakiwa na watu wachache. Ndipo ikaonekana mtu anaingia, anachechemea, bandeji inaning'inia mguuni, mara anakimbia kidogo, mara anatembea. Akauzunguka uwanja akamaliza. Saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Wa 57. Waliobaki uwanjani wakasimama wakampigia makofi kana kwamba ndiye aliyeshinda.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza. Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Mwaka 1983 nchi ikamtunuku nishani ya ushujaa. Mwaka 2000 alialikwa kwenye Olimpiki ya Sydney kule Australia, na mwaka 2008 mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam naye alikuwemo.

Sasa tutue hapa kidogo, maana nusu nyingine ndiyo hii.

La kwanza. Nimesema walianza 75 na yeye alikuwa wa 57. Toeni wenyewe, wanabaki 18. Watu 18 hawakufika kabisa. Kwa hiyo anayesema alikuwa wa mwisho hakuhesabu vizuri.

La pili. Hizo saa 3 na dakika 25 zigawanyeni kwa kilomita 42. Mwanangu alinisaidia kwa simu yake: kila kilomita ni chini kidogo ya dakika tano. Hiyo ni pamoja na muda wa kuanguka, wa kufungwa bandeji na wa kutembea. Mtu mzima mwenye magoti yake mawili mazima akitembea kwa haraka atatumia dakika kumi kwa kilomita. Huyo siyo mtu wa kuhurumiwa. Huyo ni mkimbiaji hasa aliyepata ajali kazini.

La tatu, na hili ndilo watu hawalisemi kabisa. Aliporudi nyumbani alipona. Mwaka 1970, yaani hata miaka miwili haijatimia, alikwenda kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Uskoti, akakimbia marathoni akawa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15. Hebu sikilizeni: muda huo ni bora kuliko wa yule aliyeshinda Mexico, ingawa ni kweli Edinburgh haiko juu kama kule. Sasa niambieni, mwanariadha huyo angefutwa kwenye orodha kwa sababu mwaka 1968 alichelewa saa nzima na dakika tano, taifa lingepata wapi huyo wa tano wa Edinburgh?

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuona ninakokwenda. Ngojeni, sijafika.

Maana kuna upande wa pili na sitaki kuuficha. Katika mbio zile zile za Mexico alikuwemo Abebe Bikila wa Ethiopia. Huyu alikuwa mfalme wa marathoni. Mwaka 1960 alishinda Roma akikimbia pekupeku. Mwaka 1964 alishinda Tokyo, na wiki chache tu kabla alikuwa amepasuliwa kidole tumbo. Ni nani mvumilivu kuliko huyo? Lakini Mexico alifika mguu ukiwa tayari una jeraha la mfupa, na baada ya kama kilomita 17 akatoka nje ya barabara. Akaacha. Mwenzake Mamo Wolde akaendelea, akairudisha medali ile ile nyumbani Ethiopia.

Je, Bikila ni mwoga? Hata kidogo. Goti la Akhwari lilifungika kwa bandeji, akaweza kulikanyagia. Mfupa wa Bikila haukufungika. Kila mmoja aliujua mwili wake. Kwa hiyo msinisikie vibaya mkatoka hapa mkisema Mwenyekiti kasema kila mwenye maumivu aendelee tu. La hasha. Tunao wenzetu hapa wamejikaza na mgongo hivyo hivyo, kutwa gunia la mahindi kichwani, mpaka wamefika hospitali wakiwa wamechelewa. Goti likivimba, pumzika, liwekee kitambaa cha maji baridi, inua mguu, na siku ya pili bado ukiwa huwezi kukanyaga nenda kapimwe.

Nikawa najiuliza, basi nani anaamua? Nani anasema huyu aendelee na huyu aache? Na hapo nikakutana na habari ya mwanamke, nayo nitaieleza kirefu kidogo kwa sababu ni ya kwetu wanawake.

Mpaka mwaka 1984 wanawake hawakuwa na marathoni kwenye Olimpiki. Wakubwa walidhani mwili wa mwanamke hauwezi. (Hawakuwahi kukaa huku wakatuona msimu wa kuvuna.) Mwaka huo huko Los Angeles, Marekani, tarehe 5 Agosti, ndipo wakaruhusiwa kwa mara ya kwanza. Aliyeshinda ni Mmarekani, Joan Benoit, na huyo naye alikuwa amepasuliwa goti siku 17 tu kabla ya mbio za mchujo za kwao. Lakini ninayetaka kumsema mimi ni wa 37.

Anaitwa Gabriela Andersen-Schiess, wa Uswisi, umri miaka 39. Siku ile jua lilikuwa kali na joto zito. Aliingia uwanjani mwili umepinda upande mmoja, mkono mmoja hauna nguvu, mguu unaburuta, anayumba kama mlevi. Watu wakashika vichwa. Madaktari wakamkimbilia. Akawapungia mkono wakae mbali. Kwa nini? Kwa sababu kanuni ya wakati ule ilisema mkimbiaji akiguswa tu, amefukuzwa mashindanoni. Daktari akimshika mkono kumpima mapigo, mbio zake zimefutwa zote, kilomita 42 zimekwenda bure.

Sasa wale madaktari walifanya nini? Hawakumshika na hawakumwacha. Wakatembea pembeni yake wakimwangalia. Wakaona bado anatoka jasho. Mtu aliyeshindwa kabisa na joto hali yake ikiwa mbaya zaidi, jasho linaweza kukatika. Wakasema, huyu mwili bado unafanya kazi, mwacheni. Mzunguko ule mmoja wa mwisho ulimchukua zaidi ya dakika tano, dakika ambazo mwenzake mzima angezunguka mara tatu. Akavuka mstari, akaangukia mikononi mwao. Baada ya saa chache alikuwa na nafuu.

Na sasa sikilizeni hili, wanachama, hasa ninyi mnaopenda katiba. Wakubwa wa riadha duniani baadaye walibadilisha kanuni. Siku hizi daktari wa mashindano anaruhusiwa kumgusa mkimbiaji, kumpima, na huko kupimwa hakuhesabiwi kuwa amesaidiwa. Hafukuzwi. Akionekana anaweza, anaendelea. Akionekana hawezi, anaambiwa atoke, anatoka. Hawakusema kuanguka kuruhusiwe. Walichosema ni kwamba mtu asiogope kuonwa na daktari kwa hofu ya kufutwa.

Haya, nimefika.

Mnajua kuna hoja mezani. Wanachama kadhaa, wengi wao vijana wetu waliojiunga miaka ya karibuni, wameandika barua nzuri tu, wanapendekeza kifungu kipya: mwanachama atakayeshindwa marejesho miezi mitatu mfululizo afutwe, na hisa zake zishikwe. Siwalaumu. Hela zikikwama kwa mmoja, mwingine anasubiri mkopo wa mbolea na mvua haimsubiri. Kikundi kisichodai madeni kinakufa, nimeviona vimekufa hapa hapa mjini, sanduku linabaki na funguo tatu na hakuna cha kufungulia. Kutangulia siyo kufika, lakini kutofika kabisa nako siyo sifa.

Lakini nina shida na kifungu chenyewe kilivyoandikwa. Kinafanana na ile kanuni ya zamani ya usiguswe. Mama akiona miezi miwili imepita na wa tatu unakuja, atafanya nini? Atajificha. Atazima simu. Ataona akija kwa kamati kueleza, ndiyo anajipeleka kufutwa mwenyewe. Kwa hiyo tutakuwa hatujui nani ana jasho na nani amekauka.

Mwaka 2019 yupo mwenzetu, sitamtaja, na yeye ameniruhusu niseme bila jina. Mume alilazwa muda mrefu, marejesho yakasimama. Kabla ya mwezi wa pili kuisha alikuja mwenyewe akaeleza. Tukaenda wanne nyumbani kwake saa kumi na moja alfajiri, tukamkuta yuko jikoni anachoma maandazi ya kuuza. Hatukumsamehe deni, isieleweke hivyo. Tulimwambia badala ya elfu thelathini kwa mwezi, leta elfu tano kila wiki ya maandazi, na wiki isiyo na elfu tano leta elfu mbili, lakini njoo. Usikose kikao. Mfuko wa jamii ukatoa ngano kilo 25 na mafuta. Ilimchukua karibu mwaka mzima, na kuna mikutano alikuja na sarafu tupu na watu wakachelewa kuondoka kwa ajili ya kuhesabu. Alimaliza. Leo ana hisa nyingi kunizidi mimi.

Yupo mwingine ambaye mfupa wake haukufungika. Biashara iliungua, watoto wakaitwa na ndugu, akaamua kuhama. Tulikaa naye, tukatoa deni kwenye hisa zake, kilichobaki tukampa mkononi, tukamsindikiza stendi. Huyo bado anatupigia simu sikukuu. Na yupo mmoja aliyezima simu na kuhama mtaa usiku. Huyo kifungu kimkamate, mimi mwenyewe nitatia sahihi ya kwanza.

Kwa hiyo sisemi kifungu kitupwe. Nasema kiongezewe maneno. Mwanachama anayeona atakwama aseme kabla siku ya rejesho haijapita, kwa kamati au kwa jirani yake wa kikao. Akishasema, kamati imfikie ndani ya siku saba, iende watu wasiopungua watatu, iangalie hali, na ikubaliane naye kiasi anachokiweza, hata kiwe kidogo. Kusema huko kusihesabiwe kosa wala kusitozwe faini. Anayeona hawezi kabisa aruhusiwe kutoka kwa heshima na kilicho chake. Asiyesema, miezi mitatu ikipita, afutwe kama vijana walivyoandika.

Na gharama za hilo zipo, nisiwafiche. Kamati itachoka. Kwenda nyumba za watu alfajiri kunakula muda, na mfuko wa jamii itabidi tuuongeze, mimi nashauri shilingi mia tano kila mtu kila kikao juu ya ile tunayotoa. Wapo watakaonung'unika kwamba tunawabeba wengine. Ile bandeji ya Akhwari nayo kuna mtu aliyekwenda nayo barabarani siku ile akijua huenda hatamkuta mtu wa kuifunga.

Rasimu zote mbili, ile ya vijana na hii yangu, katibu amezipiga chapa na mtazipata mlangoni wakati wa kutoka. Someni, na asiyeona vizuri asomewe na mwanawe. Kura itapigwa Jumamosi ijayo saa nane kamili mchana, kura ya siri, na kila mmoja aje na kitabu chake cha hisa. Ikishinda ya vijana tutaifuata, na mimi nitaisimamia hivyo hivyo ilivyo.

Sasa namkaribisha mgeni rasmi atoe vyeti kwa wanachama waanzilishi. Mama mtunza hazina, tafadhali msaidie kusoma majina.